Mashine ya Tano

Nilipigiwa simu Jumatatu asubuhi na mtu ambaye sauti yake sikuijua. Alisema anaitwa Clémence, binti wa Papa Séraphin, kwamba papa amefariki, na kwamba jina langu limekutwa kwenye kijitabu chake cha simu, basi ameona vema anijulishe. Jambo la kwanza nililofikiri, nakiri, halikuwa huzuni. Nilijiuliza kwa nini jina langu lilikuwa mle, na nani mwingine amelisoma. Ndivyo nilivyo. Marehemu mume wangu alikuwa akisema kwamba mtu akinipa zawadi naangalia kwanza chini yake. Hata hivyo nilivaa kitenge cheusi, nikapanda teksi mpaka Annexe, kule ambako lami inaisha na mashamba ya mahindi yanaingiliana na nyumba, nikaketi kwenye kiti cha plastiki katikati ya wanawake wasionijua. Waliniletea chai na mkate. Ndani ya nyumba watu waliimba nyimbo za kanisa kwa Kiluba, polepole, kama watu waliochoka kulia. Nikiwa nimeshika kikombe changu nilianza kuuona tena mwaka ule wa vita, na chumba kile cha nyuma ya duka, na mimi mwenyewe ndani yake, msichana mwenye akili nyingi kuliko mahitaji yake.

Mambo ya wazazi wangu na ya utoto wangu Kamalondo nitayaruka. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nina diploma ya ukatibu, na nilikuwa nimepata kazi kwenye nyumba ya biashara ya Patron Kambale, mtu wa Kivu ya Kaskazini aliyeuza kwa jumla unga, mafuta na sabuni, na aliyekuwa na malori yake mwenyewe. Mbele palikuwa na duka, upande palikuwa na stoo, na nyuma palikuwa na chumba kirefu chenye dirisha moja lililofungwa kwa vyuma. Humo ndimo zilimokuwa kompyuta, zimefunikwa vitambaa vya kufumwa ambavyo mke wa patron alivileta kutoka nyumbani, kwa hiyo kila asubuhi nilianza kazi kwa kuzifunua kama mtu anayetandua vitanda. Dari lilikuwa la mbao nyembamba. Ukuta uliotutenga na sehemu ya kulia chakula ulikuwa wa mbao hizo hizo, na anayekula upande huu alisikia kila kitu cha upande ule. Saa sita mama mmoja alituletea bukari, ugali wetu wa mahindi, na sombe ya majani ya muhogo, siku njema na samaki wadogo wa ndagala, na tulikula kwa zamu. Mimi nilipenda zamu ya mwisho. Nilisema ni kwa sababu ya utulivu, lakini ukweli ni kwamba nilipenda kusikiliza.

Fundi wa mashine hizo alikuwa Papa Séraphin. Wakati ule alikuwa amepita miaka hamsini, mtu wa kaskazini ya Katanga kwa asili lakini amezaliwa katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi upande wa Kipushi. Alikuwa ameshughulika na kompyuta katika kampuni kubwa ya migodi, tangu zilipokuwa kubwa kama kabati, mpaka kazi zilipoanguka na watu wakaanza kukaa nyumbani wakingoja. Alivaa koti la kijivu la kazi, na alikuwa na kikombe chake cha chuma ambacho hakuna mwingine aliyekitumia. Yeye ndiye aliyepitisha waya juu ya dari na kuziunganisha mashine, ili barua niliyoiandika mimi ionekane kwa patron bila mtu kuibeba. Wakati huo hatukuwa na mawasiliano yoyote na nje. Ilikuwa nyumba inayoongea na nafsi yake. Papa Séraphin alinieleza kwamba kila mashine lazima iwe na anwani, namba nne zenye nukta katikati. Tatu za kwanza ni zile zile kwa nyumba nzima, nazo alizoziweka yeye zilikuwa 203, 0 na 113. Ya nne ni ya mashine yenyewe.

Aliniomba niandike vibandiko vya kubandika juu ya kila mashine. "Béa, weye njo uko na mukono ya kuandika," aliniambia. "Miye maandiko yangu, hata miye mwenyewe inanishindaka kuisoma." Ilikuwa kweli. Mimi nilikuwa nimefundishwa na masista, na herufi zangu zilikuwa za mviringo, zimelala kidogo kuume, na mkia mrefu chini ya namba tisa na herufi g. Alisimama nyuma yangu akitaja, nami nikaandika. "Ile ya mu kona njo mama yabo, muandikie moja. Ya patron njo mukubwa wa batoto, eko mbili." Nikacheka, nikaandika. Alitaja tatu, alitaja nne, kisha akafuta miwani, akasema, "Weye uko sita. Sita iko muzuri, utaona." Saba ikawa ya stoo. Niliandika sita baada ya nne bila kuuliza. Nilikuwa nimefurahi kupewa namba nzuri.

Kisha vita vilikuja, na kwa sababu vilianzia mashariki, kila mtu wa mashariki akaanza kutazamwa. Patron Kambale alisema "mutu" pale ambapo sisi tulisema "muntu", na mwaka ule herufi moja ilitosha kuwafanya watu wa foleni wageuke. Alianza kuongea Kifaransa na wateja asiowajua. Redio za mawasiliano zilikuwa zimekatazwa, ya kwake ilichukuliwa, na simu ilifanya kazi ilipotaka. Unga uliadimika. Malori yake yalitoka kusini kupitia Zambia, na karatasi za mpakani zilitengenezwa na wakala aliyekuwa Afrika Kusini, hivyo bila kuwasiliana na wakala huyo hakuna lori lililopita. Ndipo patron alipopata kibali, sijui kwa mlango gani, cha kuweka antena ya setilaiti juu ya paa. Ilikuwa kubwa, nyeupe, na ilionekana mpaka barabara ya pili. Watu walipita wakiiangalia. Mlinzi wa stoo alisema inavuta maneno ya watu wa jirani. Dereva alisema mlinzi wa stoo ndiye anayepeleka habari. Mimi niliwasikiliza wote kutoka upande wangu wa ukuta, na kila mmoja nilimwamini kidogo.

Barua za kompyuta zilianza kwenda na kuja. Tuliandikiana na Lusaka, tuliandikiana na Ubelgiji, hata binamu wa patron aliyekuwa Kanada alituma salamu. Mtu mmoja tu hakupatikana, naye alikuwa yule wakala wetu. Kila barua tuliyompelekea ilirudi baada ya siku mbili ikiwa na maneno ya Kiingereza yaliyosema imeshindikana kumfikia, na alipotupata kwa simu, kwa tabu, alisema na zake kwetu zinarudi vile vile. Malori matatu ya unga yalikuwa yamesimama mpakani. Mtaani watu walikula viazi asubuhi na jioni. Patron alikuja chumbani, akafunga mlango, akatuangalia mmoja mmoja. "Barua za batu bote zinafika, ya ule moja tu inapotea," alisema. "Mutu gani iko anakula barua zangu?" Kuanzia siku ile alizigeuza meza zetu ili aone skrini zote akiwa mlangoni. Karatasi zangu zilizoharibika zilichomwa uani. Mimi nami nilianza kuweka unywele kwenye droo yangu ili nijue kama imefunguliwa, na nikawa naukuta mahali pake kila siku, jambo lililonifanya nimshuku zaidi yeyote mwenye ujanja wa kuurudisha.

Patron alimwita fundi wa antena, kijana wa Kitwe aliyeitwa Mwansa, akaja na mkoba na kamba. Alikaa mbele ya mashine ya kona asubuhi nzima, Papa Séraphin amesimama kando yake na kikombe chake. Mwisho Mwansa alicheka kidogo, akamwambia patron jambo ambalo leo naweza kulieleza kwa urahisi, ingawa siku ile lilitutisha. Zipo anwani, alisema, zilizotengwa kwa ajili ya ndani ya nyumba, zisizo na mwenyewe duniani, na kila mtu anaweza kuzitumia kwake. Na zipo za nje, ambazo kila moja ina mwenyewe. Hizi zetu zilikuwa za nje. "Adresse hizi, bwana patron, ziko za bantu," alisema. "Ziko za kampani moja ya mbali, na barua za wakala wenu zinakaaka kwa ile kampani. Mashine yenu ikimutafuta, inaona namba ni ya hapa, inamutafuta hapa ndani. Haimuone. Haitoke hata inje. Na yake ikifika, jibu inabakia hapa hapa." Mtu mwenye moyo mwepesi angeshukuru kwa maelezo hayo. Sisi tulisikia neno moja tu, kwamba ndani ya nyumba ya mtu wa Kivu, wakati wa vita, mna namba za watu wa nje.

Patron alimgeukia Papa Séraphin. Hakupandisha sauti. "Mzee, hii namba uliitoa wapi?" Papa Séraphin aliangalia ndani ya kikombe chake. "Ni namba ya kwetu, patron," alisema. Patron alimuuliza kwetu wapi. "Kwetu. Mu nyumba ya baba." Ilikuwa jibu la kweli, na hakuna hata mmoja wetu aliyelielewa. Patron aliona anachezewa. Mwansa aliona si kazi yake. Mimi niliona mtu aliyebanwa na ambaye bado anaficha, nikajisifu moyoni kwa kuliona hilo.

Siku ile ile, kwenye zamu yangu ya mwisho ya kula, niliwasikia Mwansa na Papa Séraphin upande wa pili wa ukuta. Mwansa alikuwa anauliza kama anaweza kuiwekea kompyuta yake namba ya bure ili apime waya, namba tano, maana ameona haina mashine. Papa Séraphin alimjibu upesi, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Ile ya tano musiiguse. Iko na mwenyewe." Niliacha kula. Nilirudi chumbani nikavitazama vibandiko vyangu mwenyewe, kwa mwandiko wangu mwenyewe: moja, mbili, tatu, nne, sita, saba. Ya tano haikuwepo, na ilikuwa na mwenyewe. Bukari iliganda sahanini. Nilijua, jinsi mtu anavyojua akiwa na miaka ishirini na mitatu, kwamba mahali fulani juu ya dari lile kulikuwa na mashine iliyokuwa ikitusoma.

Wanaume wawili wa usalama walikuja keshokutwa yake, wamevaa kiraia, viatu vimepigwa rangi. Walikuja kwa ajili ya antena, na ilionekana walikuwa wameshasikia habari ya namba, maana mlinzi wa stoo alikuwa na masikio kama yangu. Patron alikuwa na jasho shingoni. Walitaka orodha ya mashine zote na anwani zake, na patron akanielekezea kidole kwa sababu mimi ndiye katibu. Nilikaa nikaandika kwa mkono, tarehe kwanza, tisa zake na mikia yake, taratibu, kama masista walivyonifundisha. Namba moja, kona. Namba mbili, patron. Nilifika sita, nikafika saba. Kazi niliyoagizwa ilikuwa imekwisha. Hakuna aliyeniuliza zaidi. Nilichukua tena kalamu nikaongeza mstari chini: namba tano, haionekani, fundi amesema ina mwenyewe. Nimejiambia miaka mingi kwamba niliogopa, na ni kweli niliogopa, kwa sababu mashine yangu ilikuwa jirani ya lile pengo. Lakini hofu haikuwa peke yake. Nilitaka pia waone kwamba mimi nimeona.

Walivunja dari. Walitoa mbao moja moja, vumbi likajaa juu ya vitambaa vya kufumwa, wakakuta waya na viota vya panya. Walimuuliza Papa Séraphin mashine ya tano iko wapi. "Haiko," alisema. Wakamuuliza ni ya nani. Alitua kikombe chake. Nadhani alipima maneno aliyokuwa nayo akaona hayatafaa mbele ya watu wale, au aliona si watu wa kuambiwa. Walimchukua na koti lake la kijivu mwilini. Kikombe kilibaki juu ya mashine ya kona.

Mwansa alirudi akabadili anwani zote, akaweka zile za ndani zisizo na mwenyewe, na alasiri hiyo hiyo barua ya wakala ilifika. Baada ya siku chache malori yalivuka. Tulikula bukari. Kila mtu katika chumba kile sasa alijua barua zilikuwa zimepotelea wapi, na kwamba hakuna aliyeziiba, na hakuna aliyeondoka kwenda kumtetea mzee. Patron alisema mtu wa kwao akienda ofisi ile hatatoka. Hapo sikumlaumu. Mimi nilikuwa mtoto wa Kamalondo, ningeweza kwenda na kusema kwamba nilikosea. Nilijiambia kuwa suala la barua ni moja na suala la namba tano ni jingine, na kwamba hilo la pili bado halijajibiwa. Papa Séraphin alishikiliwa mpaka mvua zilipokaribia kwisha. Alikuja mara moja tu, akasimama mlangoni pa duka, amekonda, akaomba kikombe chake. Mimi ndiye niliyempelekea. Alikipokea kwa mikono miwili, akasema, "Aksanti, Béa. Uko unaandika kila siku?" Nikasema ndiyo. Akaondoka. Niliikumbuka sentensi ile mara nyingi, nikiigeuza nione chini yake kuna nini.

Chini ya turubai pale Annexe, Clémence alitoka ndani akapita kwa wageni mmoja mmoja. Ni mwanamke wa makamo sasa, ana miwani ya baba yake. Nilipomtajia jina langu na kwamba nilifanya kazi na papa kwa Patron Kambale, alikaa kando yangu, akatoa kwenye mfuko wa plastiki kijitabu cha kijani, kingo zimeliwa. "Hii njo papa alikuwa anapenda kupita bintu byote," alisema. "Livret ya famille ya babu, kitabu ya jamaa yote, ya ku mugodi." Nilikifungua. Juu ya ukurasa wa kwanza palikuwa na namba ya mchimba madini, imepigwa kwa mhuri: 203-0113. Ndizo zile namba tatu za kwanza za nyumba nzima. Clémence, akidhani sielewi, alinieleza. Ndani ya kambi hakuna aliyeitwa kwa jina, alisema. Ukienda kupimwa hospitali, ukienda kuchukua posho, ukiandikishwa shule, unataja namba ya baba, halafu yako mwenyewe. Mama ni moja. Watoto wanaanzia mbili. "Na mutoto akikufa," alisema, "namba yake habaipe mwingine. Inabakia yake."

Nilikishusha kidole kwenye orodha, ingawa nilikwishajua. Tano alikuwa Marie-Josée. Jina lake limekatwa kwa mstari mmoja wa wino, na kando yake pameandikwa miaka minne. Sita, aliyemfuata, alikuwa Séraphin. Kwa hiyo mashine zile zilikuwa ni wao, mama yao kwenye kona na ndugu zake kwenye meza, na pengo lile la tano lilikuwa dada yake, na mzee hakutaka kijana wa Kitwe aikalie nafasi ya dada huyo kwa ajili ya kupima waya. Na namba aliyonipa mimi, ile nzuri, ilikuwa yake mwenyewe. Patron wetu mwenyewe alitoka kwa watu wanaowaita watoto kwa zamu ya kuzaliwa, na Kambale ndilo jina la mtoto wa kiume wa pili. Hata yeye hakuona.

"Balimutesa sana juu ya hii namba," Clémence alisema. Alikuwa anaongea bila uchungu, kama mtu aliyezoea kuisimulia. "Kuko muntu aliandika. Papa balimuonyesha karatasi. Shiye tulikuwa tunamuuliza, ni nani? Alikataaka kusema. Alisemaka tu kama maandiko ilikuwa muzuri sana, na mukia murefu chini ya tisa." Aliinua mabega, akakirudisha kijitabu ndani ya mfuko. Basi alijua. Alijua aliposimama mlangoni pa duka, alijua alipokipokea kikombe kutoka mikononi mwangu, na alipoandika namba yangu kwenye kijitabu chake cha simu, na kila nilipoibadilisha akaitafuta mpya. Katika miaka yote hiyo niliyomchunguza moyoni mwangu, hakuna nilichokificha kwake.

Ningeweza kuaga. Teksi ilikuwa barabarani. Clémence aliniwekea mapajani daftari la rambirambi, akanipa kalamu. "Andika jina yako, mama, na siku ulimujua papa, na namba ya simu." Namba yangu ina tisa tatu. Nilifikiri kuandika kwa herufi kubwa, za kusimama, kama wanavyoandika watoto, na mkono wangu ulikuwa umeanza kufanya hivyo. Nikaacha. Niliandika jina langu kwa mwandiko wangu, umelala kidogo kuume kama ulivyokuwa, kisha mwaka wa vita, kisha namba ya simu, tisa zote tatu na mikia yake. Nikamrudishia daftari. Alilisoma mpaka kwenye tisa zile, na hakugeuza ukurasa.